Hanami haikuanza na micheri

Ndugu Mhariri,

Sherehe ya hanami ya Japani, yaani kutazama maua, husimuliwa kana kwamba ilianza na micheri. Sivyo. Katika enzi ya Nara (710–794), wakuu walikusanyika kutazama maua ya miplamu, mti uliotoka China. Mcheri ulishika nafasi katika enzi iliyofuata ya Heian. Mwaka 812 Mfalme Saga aliandaa karamu ya maua katika bustani ya Shinsen-en, Kyoto. Makabwela wa Edo, yaani Tokyo ya leo, walipata pa kustarehe karne ya 18, shoguni (mtawala wa kijeshi) Tokugawa Yoshimune alipoagiza micheri ipandwe kwenye kilima cha Asukayama. Kwangu huo ndio uamuzi mkubwa kuliko karamu zote.

Wageni huulaumu mti kwa kuchelewa, na hilo si haki. Micheri ya Somei Yoshino, aina iliyoenea zaidi Japani, haioteshwi kwa mbegu, hubebeshwa, yaani kikonyo chake huunganishwa na shina la mti mwingine. Yote ni nakala ya mti mmoja, ndiyo maana huchanua pamoja. Machipukizi ya maua huhitaji baridi ya kutosha kwanza, kisha joto. Baridi ikipungua, maua huchelewa na kutoka kwa mafungu.

Tokyo, kuchanua hutangazwa mti wa kipimo katika hekalu la Yasukuni unapofungua maua 5 au 6. Kilele, yaani asilimia 80 ya maua yakiwa yamefunguka, hufika takriban wiki moja baadaye. Panga safari kwa kilele.

Mkeka utandikwe mbali na shina: mizizi iko juujuu, na udongo ukishindiliwa hukosa hewa. Tawi lisivunjwe kabisa, kwani kuvu huingia jerahani na kuozesha mti.

Msomaji wako