Fedha za usalama zifuatiliwe hadi kijijini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie usimamizi wa fedha za usalama na maafa, suala linalotugusa sana sisi wa Mtwara, ambao wengi wetu tulitakiwa kuyahama makazi kwa tahadhari ya Kimbunga Kenneth Aprili 2019, na Oktoba 2020 tukasikia kwamba wavamizi wamevuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji na kushambulia kijiji cha Kitaya.

Nchini Marekani, serikali kuu hutoa ruzuku ya usalama wa ndani kwa majimbo, na kila jimbo hutakiwa kisheria kufikisha angalau asilimia 80 ya ruzuku hiyo kwa serikali za mitaa ndani ya siku 45 tangu kuipokea. Pamoja na masharti hayo, wakaguzi wa wizara husika walikuta majimbo kadhaa yakichelewesha fedha, yakifuatilia kwa ulegevu matumizi yake, na yakishindwa kuonyesha kama zimeongeza utayari wa kukabiliana na hatari.

Kasoro hiyo ya mwisho ndiyo inayonitia hofu hapa kwetu. Halmashauri inaweza kupata hati safi ya ukaguzi wa hesabu, tena kwa haki kabisa, huku kifaa ilichonunua hakifanyi kazi. Katika ofisi moja ya kata nimeona kipaza sauti cha mkononi cha kutangazia tahadhari kikiwa kabatini, betri zimevuja na swichi imeshika kutu, ilhali leja ya stoo inakitaja kuwa kizima. Anayelinganisha leja na hati ya malipo hataona dosari. Atakayeiona ni mvuvi wa Msimbati anayesubiri kutangaziwa kwamba upepo umechafuka.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Napendekeza kamati hizo zikabidhiwe orodha ya vifaa vya eneo lao, zivijaribu hadharani kila mwaka kabla ya mvua za Desemba, na matokeo yamfikie mkaguzi wa ndani wa halmashauri, ili Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) naye apate pa kuanzia anapofanya ukaguzi wa ufanisi.

Najua wapo watakaosema kwamba mambo ya usalama ni siri. Siulizi idadi ya bunduki wala askari walipo. Ila boti ya uokoaji na king'ora vikiwa siri, sijui anafichwa nani zaidi ya sisi tunaovihitaji. Naomba pia mbao za matangazo za halmashauri zionyeshe tarehe fedha zilipoingia na tarehe kifaa kilipofika kijijini.

Msomaji wako,
Mtwara Mikindani