Usibadilishe kozi, mwanangu

Asalaam aleikum mwanangu,

Voisi yako nimeisikiza mara tatu, na kujibu kwa sauti siwezi nyumba imejaa watu, ndio nakuandikia. Ati wataka kuwacha saikolojia kwa sababu ami zako wasema miaka minne kwenda kusomea wendawazimu ni hasara. Usibadilishe.

Mjombako wamkumbuka enzi za unga, ile heroini. Tumempeleka kwa waganga, kasomewa, kafungiwa chumbani, mkufu wangu wa harusi ukaenda. 2015 ilipofunguliwa kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, hospitali hapa Malindi nikawa namsindikiza kila asubuhi, apewa dawa kwa kikombe kidogo ainywa papo hapo mbele ya nesi. Arosto, yale mateso ya mwili kukosa unga, ikamtoka. Lakini arosto ikitoka mtu abaki na aibu yake, watoto hawamsemeshi, majirani wakimuona waficha simu. Kulikuwa na dada mmoja mshauri akawa aketi naye kwenye benchi chini ya mwarobaini. Siku ya kwanza karibu nusu saa hakuna aliyesema kitu, mimi niko pale na kikapu changu nasema huyu atupotezea wakati. Wiki ya pili mjombako akalia. Mwanangu, hata tulipomzika baba sikumuona akilia! Yule dada hakumkatiza wala hakumpa mawaidha, alimngoja tu mpaka akamaliza, kisha akamuuliza "ni lini mara ya mwisho ulilala vizuri?" Kiswahili chetu hiki hiki. Basi hiyo ndiyo kazi wanayoiita wendawazimu.

Ila ujue uendako. Wa kuandika dawa ni daktari, asoma udaktari kwanza ndio aingie mambo ya akili, wewe sio huyo. Na digrii ya kwanza peke yake haitoshi kutibu mtu, utahitaji masta, ufanye kazi chini ya mkubwa wako akikuangalia, halafu usajiliwe maana tangu 2014 Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia. Ni safari ndefu na kazi hazingojei mlangoni. Ukiona kutibu si kwako kuna mashule, magereza, maofisi wanaoajiri watu, utafiti. Na takwimu usiikimbie tafadhali, najua wewe na hesabu, lakini bila hiyo utajuaje kama dawa ya maneno imesaidia watu kweli ama wamepona tu wenyewe?

Ami zako waambie Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni Muislamu mwenzao, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita aliandika kuwa nafsi yaugua kama mwili, akazitaja hofu, hasira, huzuni na wasiwasi. Wasiwasi, neno lile lile tunalolisema sisi kila siku hapa.

Mjombako siku hizi auza viazi karai pale karibu na stendi. Nilipomwambia umepata hiyo kozi alinyamaza, akafuta mikono, akasema nauli ya kwenda kuripoti ni juu yake. Ameshaiweka kando. Yeye ataka kujua tarehe tu.

Mamako