Baba mdogo, pesa ya wakili sitoi

Den Haag, 15 Oktoba 2023

Baba mdogo, shikamoo.

Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili. Unataka yuro 1,500 za wakili wa Elibariki, akate rufaa nyingine Wabelgiji wasimrudishe. Unasema damu ni damu. Naomba radhi, baba, lakini zile milioni 14 za kikoba cha akina mama Ngarenaro alizokimbia nazo zilikuwa jasho la nani?

Si kwamba sina. Tangu Machi naendesha tramu, mambo ya kusukuma toroli yameisha. Mtihani wa Kiholanzi nimefaulu mara ya kwanza, wakati yule Mpolandi niliyesoma naye anaurudia mara ya tatu. Picha ya sare mama anayo, mwombe akuonyeshe.

Namba 1 naifikisha mpaka Scheveningen, ufukweni. Bahari yenyewe ina rangi ya maji yaliyooshea sufuria. Huwa natafuta Meru kwa macho, kumbe mbele ni ukungu tu.

Huko Scheveningen ndiko wanakomweka Kabuga, yule tajiri wa Rwanda anayeshtakiwa kwa mauaji ya kimbari ya 1994. Enzi zile ukiwa dereva AICC, pale Arusha ilipokuwa mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za Rwanda, ulikuwa unatuambia siku ukimwona Kabuga umaskini kwaheri, dola milioni 5 za Wamarekani! Basi miaka 26 alijificha, wakaja kumkamata Mei 2020 pembeni mwa Paris, anatumia jina lisilo lake. Akagoma kuletwa Arusha, eti wamhukumu Wafaransa. Mahakama yao ikakataa, naye akaletwa huku kwanza kwa sababu ya afya. Kesi imefunguliwa Septemba mwaka jana, na siku hiyo ya kwanza hakutokea.

Niliomba ruhusa siku moja nikaenda. Nyuma ya kioo, mzee kwenye kiti cha magurudumu. Sikujua nimkasirikie vipi.

Mwezi uliopita majaji wameisimamisha kesi bila kikomo, akili imemtoka. Siwalaumu. Huwezi kumhukumu mtu asiyejua anahukumiwa nini. Lakini waliofiwa watasikia lini neno "hatia" au "hana hatia"? Lawama yangu naipeleka kwenye ile miaka 26, kwa waliokuwa wakimfungulia mlango na kumlipia kodi.

Elibariki si Kabuga, hajaua hata kuku. Ila mama Rehema tumemzika akiwa hajarudishiwa hata hisa moja, na kila rufaa ni mwaka mwingine. Wakibaki wawili watatu wenye kukumbuka daftari, nani atamdai?

Najua unachoogopa. Mahabusu, kesi inapigwa tarehe mpaka mtoto anaota mvi. Hata mimi hilo silitaki, hiyo nayo si adhabu ya haki. Ndiyo maana namwambia kila akinipigia toka Antwerp: rudi mwenyewe kabla hujafungwa pingu, kaa na wale mama mbele ya mwenyekiti wa mtaa, uza kile kiwanja cha Moshono. Ananikatia simu. Juzi kaniita mzungu.

Laki tatu nimetuma leo kwa simu ya mama. Ni za mama Neema, zimpunguzie deni, na usizikope njiani tafadhali. Nikija Desemba nataka loshoro, msinipikie wali kama mgeni.

Mwambie Elibariki nauli ya ndege nitalipa mimi. Ya kwenda tu.

Mwanao,
Lomayani