Vidonge vya mifupa, ngoja kwanza

Mwanangu,

Umeniuliza kama ununue vile vidonge vya kalsiamu ulivyoviona kwenye duka la dawa. Ngoja kwanza. Mfupa unaopungua hauumi. Hunyamaza mpaka siku mtu anapoteleza kidogo tu bafuni na mkono ukavunjika. Goti linalokusumbua ni jambo jingine, halikuambii lolote kuhusu uimara wa mifupa yako.

Umetimiza miaka 42, kwa hiyo unaweza kutumia FRAX, hesabu ya mtandaoni iliyotoka Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza. Hupokea wenye umri wa miaka 40 hadi 90 na kukadiria uwezekano wa kuvunjika mfupa ndani ya miaka 10. Itakuuliza uzito na urefu, kama umewahi kuvunjika ukubwani, kama unavuta sigara, kama unakunywa vipimo 3 vya pombe au zaidi kwa siku (kimoja ni kama glasi ndogo ya bia). Kwenye swali la mzazi aliyevunjika nyonga jibu hapana. Si mimi, si baba yako. Wengi hukosea kwenye steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe mwilini: zinazohesabiwa ni tembe kama prednisoloni, miligramu 5 au zaidi kwa siku kwa zaidi ya miezi 3. Pampu ya pumu usiiingize hapo.

Lakini FRAX haiulizi mtu huanguka mara ngapi, wala haiulizi ile sindano ya kupanga uzazi ya kila miezi mitatu, nawe unaitumia. Sindano hiyo, Depo, hupunguza uzito wa mfupa kwa muda unaoitumia, na sehemu kubwa hurudi ukiacha. Usiiache kwa hofu ukapata mimba usiyoipanga. Mwambie muuguzi umeitumia miaka mingapi, na ukikaribia 45 mjadili njia nyingine.

Wakikutuma kwenye kipimo cha deksa, picha ya kupima uzito wa mfupa, jua kusoma karatasi. Alama T hukulinganisha na kijana mwenye afya: -2.5 au chini yake ndiyo ostioporosisi, yaani mifupa dhaifu inayovunjika upesi. Kati ya -1 na -2.5 mfupa umepungua tu. Ila T ni ya waliokoma hedhi, kama mimi. Wewe bado unaona siku zako, kwa hiyo husomewa alama Z, inayokulinganisha na wa rika lako. Ikifika -2 au chini, daktari atafute chanzo. Eksirei ya kawaida haitoshi: mpaka ionyeshe upungufu, mfupa umeshaliwa karibu theluthi.

Sasa chakula. Unahitaji miligramu 1000 za kalsiamu kwa siku, na 1200 ukipita miaka 50. Pakiti ya maziwa ya nusu lita ina karibu 600, yawe ya chai au mala. Zilizobaki zitoke kwenye sukuma wiki, uji wa wimbi, na omena unayoila na miiba yake. Spinachi na terere endelea kula, ila usizihesabu: kalsiamu yake imeshikwa na oksaleti, asidi iliyomo kwenye mboga hizo, na nyingi hutoka ilivyoingia. Ukipungukiwa bado, hapo ndipo kidonge, kisichozidi miligramu 500 kwa mara moja. Kikiwa cha kaboneti kinywe na chakula, na usikichanganye na tembe za kuongeza damu, zile za madini ya chuma; zitenganishe kwa saa mbili.

Jua la Nairobi lipo, wewe ndiye hulioni: matatu alfajiri, ofisi mchana, nyumbani giza. Na jua la dirishani halisaidii, kioo huzuia miale inayotengeneza vitamini D. Kula chakula chako cha mchana nje, mikono wazi.

Mfupa huimarika ukibebeshwa uzito. Kuogelea ni kuzuri kwa moyo, lakini maji hukubeba. Panda ngazi za ofisini, uache lifti kwa wenye mizigo, na mara mbili kwa wiki nyanyua vyuma hadi mara ya nane iwe ngumu kweli.

Ukija Jumamosi uvue viatu, tukupime urefu kwenye fremu ya mlango wa jikoni na tuandike tarehe kwa penseli. Miaka ya baadaye ukipungua sentimita 4, huenda pingili za mgongo zimebonyea bila wewe kusikia chochote.

Mama yako