Dereva anayesinzia apimwe usingizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Mimi ni fundi cherehani hapa Kizota, Dodoma, na mume wangu ni dereva wa semi anayepeleka mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi mpaka wa Rusumo. Kila inapotokea ajali ya alfajiri kwenye barabara ya Morogoro, Dodoma na Singida, tunasikia kwamba dereva alisinzia, na neno "uzembe" linafuata papo hapo. Wazembe wapo, sikatai. Lakini kuna kusinzia ambako ni ugonjwa kabisa, wa pumzi kukatika mtu akiwa usingizini, unapimika na unatibika, na madereva wetu wengi hawajawahi kuulizwa habari zake.

Mume wangu hanywi pombe wala hatafuni mirungi. Akiwa nyumbani hulala saa tatu usiku na kuamka saa moja asubuhi, na bado alikuwa akisinzia mchana kwenye kiti, wageni wakiwa wanazungumza naye. Aliamka na kichwa kinauma na mdomo mkavu. Usiku alikuwa anakoroma mpaka wapangaji wa chumba cha pili wanagonga ukuta. Wao kilichowakera ni ule mkoromo. Mimi kilichonitisha ni kimya kilichofuata. Kifua kinahangaika kuvuta, hewa haipiti, kisha anagutuka kama mtu aliyeibuka kutoka majini, anavuta pumzi kwa kishindo na kuendelea kulala. Asubuhi ukimwambia, anakuona unamsingizia.

Jirani mmoja alisema ni jinamizi. Anayekabwa na jinamizi huwa akili imeshaamka, anajijua, ila mwili bado umeshikwa na usingizi hauwezi kusogea. Mume wangu hakuwa anajua lolote.

Alikuwa anatibiwa presha kwenye kituo kimoja hapa mjini. Dawa zilibadilishwa, zikaongezwa, presha ikakataa kushuka, na katika muda wote huo hakuna aliyemuuliza analalaje. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu presha isiyosikia dawa ni moja ya dalili kubwa za ugonjwa huu. Siku alipokutana na daktari mwingine, kijana tu, swali la kwanza lilikuwa: "Mzee, unavaa shati la kola inchi ngapi?" Nilijibu mimi, maana mashati yake nashona mwenyewe: 17 na nusu. Akasema mwanamume mwenye shingo ya inchi 17 na kuendelea, sawa na sentimita 43, yumo kwenye hatari zaidi. Halafu akanigeukia mimi aniulize ya usiku, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hawezi kuwa shahidi wa usingizi wake.

Alitueleza hivi. Mtu akilala, misuli hulegea, ya koo pia. Kwa baadhi yetu ulimi na nyama laini za koo hurudi nyuma zikaziba njia ya hewa. Oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unashtuka na kumwamsha kidogo, koo linafunguka, analala tena, linaziba tena. Kwa hiyo mtu amelala kwa saa kumi kitandani lakini ubongo haujapumzika. Unene huchangia, pombe huchangia, kulala chali huchangia, ingawa hata mtu mwembamba anaweza kuupata kwa maumbile ya taya lake. Watoto nao huupata kwa sababu ya tonsi kubwa, na wengi wao hupona zikiondolewa. Ugonjwa unaitwa kukosa pumzi usingizini, au apnia.

Tulipewa rufaa hadi Dar es Salaam. Kipimo alilala nacho usiku mmoja: mkanda kifuani, mrija mdogo chini ya pua, kibanio cha oksijeni kidoleni. Pumzi ikikatika mara 5 kwa saa tayari ni tatizo. Ikifika 30 ni hali mbaya, na mume wangu alikuwa amepita hapo.

Wakati tunatafuta fedha, nilimshonea fulana ya kulalia yenye mfuko mgongoni, nikatia mpira mdogo ndani ili asiweze kulala chali. Ilipunguza kiasi, haikutosha. Kilichomsaidia ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ya puani ili koo lisifunge. Si kitu kigeni duniani: daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, waliieleza mwaka 1981. Bima yetu haikuilipia, tukakopa kikoba. Vumbi la Dodoma linaziba chujio lake haraka, na maji yetu ya chumvi hayafai kwenye chombo chake cha unyevu, tunanunua yaliyoondolewa chumvi. Fundi umeme wa magari amefunga inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, kwenye kichwa cha gari, na mume wangu analala na mashine yake njiani. Presha imeanza kusikia dawa, na kusinzia mchana kumekwisha.

Nawasihi wasiopata usingizi wasijinunulie vidonge vya usingizi dukani. Kwa mtu mwenye ugonjwa huu, baadhi ya dawa hizo hulegeza koo zaidi.

Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku, na kwa safari ndefu tunadai madereva wawili wapokezane. Ni jambo jema. Lakini aliyepokezwa akaenda kulala huku pumzi zinakatika, anarudi kwenye usukani na uchovu uleule.

Ninachoomba ni maswali machache kila dereva wa basi na lori anapopima afya: Unakoroma? Kuna aliyekuona pumzi inakatika? Unasinzia mchana? Una presha? Kisha apimwe shingo kwa futi ya kitambaa, ambayo kila fundi cherehani anayo. Atakayeonekana ana dalili apelekwe kwenye kipimo, na tajiri wake asimfukuze. Madereva wenzake mume wangu wamenieleza kijiweni kwamba wana hali hiyohiyo lakini hawathubutu kusema, kwa kuwa gari litapewa mtu mwingine kesho yake. Dereva aliyetibiwa anaweza kuendesha. Anayeficha ndiye wa kuogopwa.

Na kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka huohuo wa 2023, naomba kipimo hiki na mashine yake viingizwe kwenye huduma zinazolipiwa, na kipimo kipatikane hapahapa Dodoma, kwenye barabara wanayopita madereva wa Rwanda, Burundi na Kongo.

Mke wa dereva,
Kizota, Dodoma