Wazee watufundishie watoto majina ya miti ya Ngezi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie Msitu wa Ngezi, kwetu Konde, kaskazini ya Pemba.

Niliingia Ngezi kwa mara ya kwanza mwaka 1968, nikiwa na miaka saba. Babu mzaa baba alikuwa mvuvi na dago lao, yaani kambi ya wavuvi, lilikuwa pwani ya Vumawimbi, kwa hivyo njia yake ilikatisha msituni. Siku hiyo nilifuatana na baba kumpelekea unga na chumvi. Tulitoka baada ya sala ya alfajiri, kwa miguu. Mikarafuu ilipokwisha na kile kivuli kikatupokea, baridi ilinipanda mpaka mabegani. Baba akavua makubadhi, akapiga hodi kama mtu aliyefika mlangoni kwa mwenziwe. Nikamuuliza nani anakaa humu. "Wenyewe wapo," akasema, "punguza sauti."

Jioni babu alirudi nasi. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache sana, lakini msitu ule aliusemesha njia nzima. Alikuwa akiweka kiganja kwenye shina, anataja jina, na mimi sharti nilirudie ndipo tuendelee. Mvule. Mtondoo. Mwavi, huo nisiuchezee kwa sababu magome yake ni sumu. Kwenye mpapindi, mti wa jamii ya minazi na mipopoo, alisimama muda mrefu. Alisema amefika Unguja, Tanga mpaka Mombasa na hajauona kokote. Nilipokuwa mwalimu nikasoma kwamba wataalamu wa mimea nao wanasema hivyo hivyo: mpapindi kwao ni Pemba tu, dunia nzima.

Baba naye aliijua miti, ila kwa njia nyengine. Katika ujana wake kulikuwa na mashine ya kupasulia mbao mle msituni, basi yeye alikwambia mti upi unapasuka vizuri na upi unaliwa na mchwa. Miti isiyotoa mbao aliipita tu.

Wanangu niliwapeleka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wakati huo popo wetu wa Pemba, asiyepatikana pengine popote, alikuwa karibu kumalizika kwa kuwindwa na kukatiwa miti anayolala. Tulikaa mpaka magharibi tukaona wachache mno. Safari hii, Idd pili, nimekwenda na wajukuu watatu kutoka Unguja Mjini, na jua lilipozama wamepita juu yetu hata mdogo akashindwa kuwahesabu. Nililia, na sioni haya kusema. Wale watu wa vijijini waliokubali kuacha nyama waliyoila tangu utotoni ndio waliotuokolea mnyama huyu.

Lakini lililonifanya nikuandikie ni jengine. Mjukuu wangu mkubwa, ana miaka kumi na miwili, alikuwa akiuliza kila mti. Nilimjibu sita. Wa saba ulikuwa pembeni ya maji, maua yake yananing'inia kama shanga ndefu, mengine yameshaanguka yanaelea. Jina halikuja. Babu aliniambia, na hata pale aliposimama napakumbuka, lakini halikuja. Mtoto akanyamaza kwa adabu, akaacha kuuliza.

Niliokota ua moja chini, nikampelekea mzee mmoja wa Makangale. Hakulitazama mara mbili. "Mtomondo huo, mwanangu. Babu yako hakukwambia? Tunda lake likitwangwa linalewesha samaki." Ndipo nikakumbuka kwa nini babu, mvuvi, aliusimamia sana: alikuwa akituonya tusiwaige wanaotia sumu majini. Mzee yule amepindukia miaka themanini. Watoto wake wote wako Unguja na Dar es Salaam.

Sehemu kubwa ya Pemba ilikuwa misitu kabla ya mikarafuu kuenea karne ya 19. Ngezi, hekta 1,440 hivi, ndiyo sehemu kubwa tuliyobakiwa nayo. Miti yake inalindwa, na nawashukuru wanaoilinda. Majina yake je, yako mikononi mwa nani? Waongozaji wa pale getini wanajua mengi, ila nao wanasema waliyapata kwa wazee.

Ombi langu kwa walimu wenzangu wa Micheweni na Wete, na kwa wahusika wa misitu: kila muhula skuli moja iingie Ngezi pamoja na mzee wa Konde, Makangale au Tondooni. Apewe nauli na chakula, atembee polepole, watoto waandike. Jina, kazi yake, dawa yake kama ipo, na aliyelisema. Daftari la kurasa mia linatosha kwa kuanzia.

Mimi nimeshaanza. Nina majina 34, na yule mzee ameniahidi kwamba Idd Kubwa, akijaaliwa uzima, tutakwenda naye na wajukuu mpaka pale kwenye maji. Msomaji mwenye mzazi au babu anayeijua miti ya Ngezi, naomba amuulize wiki hii na atuandikie kupitia gazeti hili.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba