Anza gari likiwa limezimwa

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi hatujambo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimeketi sakafuni, mbwa wangu Chui kaniwekea kidevu juu ya mguu, na nilipofika pale ulipoandika kwamba mbwa wenu Doa alilia garini njia nzima mpaka sauti ikamkauka, niliiweka chini kwanza. Kilio hicho nakijua. Chui naye alikuwa hivyohivyo.

Umeniuliza kama ni sawa kumchapa kidogo akianza kubweka garini, kama ulivyoshauriwa, eti azoee. La, usimchape. Doa hafanyi jeuri. Mtazame vizuri utaona mwenyewe: anapiga miayo wakati hana usingizi, anajiramba midomo wakati hakuna chakula, udenda unamtiririka, anahema ulimi nje na wala hakuna joto. Huyo ni mbwa mwenye hofu au mwenye kichefuchefu, na mara nyingi ni vyote viwili. Kofi litamwongezea sababu ya tatu ya kuliogopa gari.

Umesema ana miezi saba. Hilo linanipa matumaini, maana watoto wa mbwa husumbuliwa na mwendo wa gari kuliko mbwa wakubwa. Viungo vya ndani ya sikio vinavyoshika mizani ya mwili vinakuwa bado havijakomaa, na wengi wao wakikua kichefuchefu kinakwisha chenyewe. Ila hofu haikwishi yenyewe. Tumbo likishapona, mbwa anabaki na kumbukumbu kwamba kila akiingia humo anaumwa. Ivan Pavlov, yule Mrusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake wa mmeng'enyo wa chakula, aliona mbwa wake wanadondosha udenda kabla hata chakula hakijafika, kwa kuona tu dalili kwamba kinakuja. Doa naye ana dalili zake. Uliniandikia kwamba ukishika funguo tu anajificha chini ya meza. Funguo zinamwambia kutapika kunakuja.

Kwa hiyo uanzie hapo, kwenye funguo. Siku mbili tatu zibebe mfukoni ukizunguka nazo nyumbani, uzitikise, umpe kipande kidogo cha nyama, kisha uziweke na usiende popote. Zikilia, nyama inatoka, hakuna safari. Chui ilimchukua siku nne kuacha kulaza masikio.

Kisha ndio uende kwenye gari, likiwa limezimwa, milango yote wazi. Hapa usiwe na pupa hata chembe, maana nilipokosea mimi ni hapa. Siku ya kwanza nilimbeba nikamtia ndani, nikadhani nyama itamaliza mambo. Hakuigusa. Mbwa aliyeogopa sana hali kitu, na hicho ndicho kipimo chako: akikataa kitu anachokipenda, umemsogeza mbali kuliko anavyoweza. Rudi nyuma hatua mbili umwache apumue.

Siku iliyofuata nilikaa mimi kwenye kiti cha nyuma, nikamwacha nje. Nilichukua maharage ya kuchambua, nikawa nachambua pale bila kumwita. Alizunguka gari mara tatu akinusa magurudumu. Baadaye akaweka mguu mmoja wa mbele kwenye kizingiti cha mlango, akanitazama. Nikamwekea kipande cha nyama pale kando ya mguu wake, nikaendelea na maharage yangu. Akala, akashuka. Tukaishia hapo. Ulikuwa mguu mmoja tu, na nilifurahi kana kwamba amesoma barua. Siku ya tatu miguu miwili. Siku ya tano aliingia mwenyewe, akageuka, akatoka mbio. Siku ya nane aliingia, akajilaza kwenye kile kitambaa chake cha kulalia nilichokitoa ndani, akashusha pumzi ndefu kwa puani. Ukiisikia pumzi hiyo kwa Doa, ujue kazi kubwa umeimaliza.

Hicho kitambaa usikisahau. Kina harufu ya nyumbani, na mbwa huiamini pua yake kuliko macho.

Akishaweza kulala humo, funga mlango dakika moja, ufungue. Siku nyingine washa injini, mpe nyama, izime. Mtetemo wa injini uliwahi kumwamsha Chui mzima mzima, kwa hiyo tulikaa na injini inayowaka siku tatu kabla gurudumu halijazunguka. Kisha toka mpaka nje ya geti, urudi. Kisha mzungushe mtaani dakika tano, umshushie mahali pa raha ambapo atakimbia na kunusa. Usimpeleke kwa daktari katika safari hizi za mwanzo, maana sindano moja itabomoa yote uliyojenga. Na endesha kama umebeba mayai: kona taratibu, breki mapema. Akianza kulialia usimfokee, wala usimbembeleze kwa sauti ya wasiwasi. Ongea naye kama unavyoongea naye jikoni. Siku anayorudi akilia, siku inayofuata fupisha safari.

Umesema mnahama baada ya miezi miwili, na Doa atasafiri nanyi. Ukianza wiki hii, dakika kumi kila siku, muda unatosha. Ila ukiona ametulia kabisa moyoni na bado anatapika, hilo ni tumbo tu, nenda kwa daktari wa mifugo. Dawa ya kuzuia kutapika iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa ipo, naye atapima kiasi kwa uzito wake. Za watu usimpe kwa kukisia.

Sasa kuna jambo ambalo sijawahi kukusimulia, kwa sababu lilinitia hofu kubwa. Zamani Chui alikuwa akisafiri bila kufungwa. Nilidhani akishatulia inatosha. Siku moja pikipiki ilikatiza mbele yetu, akaona, akaruka kutoka kiti cha nyuma mpaka mapajani mwangu. Kichwa chake kikapita katikati ya usukani na mkono wangu. Nilikanyaga breki kwa nguvu zote, akagonga dashibodi kwa bega, gari likasimama limekaa upandeupande, na lori lililokuwa nyuma likapita likipiga honi ndefu. Mikono ilinitetemeka hata nikashindwa kufungua mlango. Chui alichechemea siku nne. Ingeweza kuwa maziko, yake au yangu.

Fikiria hivi. Gari likienda kilomita 50 kwa saa likagonga kitu, kilichomo ndani ambacho hakijafungwa kinaendelea kwa mwendo uleule mpaka nacho kigonge kitu. Mwendo huo ni sawasawa na wa kuanguka kutoka karibu mita 10 juu, yaani kama ghorofa ya tatu. Hungemwacha Doa acheze kwenye ukingo wa ghorofa ya tatu. Na hapo sijasema habari ya mtoto aliyekaa mbele yake, ambaye mbwa wa kilo 20 angemwangukia kisogoni.

Kwa hiyo mfunge, hata mkienda hapo karibu tu. Tumia ule mkanda wa mwilini unaopita kifuani na mabegani, wenye kitambaa kipana, kisha uuunganishe na mkanda wa usalama wa gari. Kamwe usiunganishe na kola ya shingoni, breki moja inaweza kumvunja shingo. Kamba ya kuunganishia iwe fupi: aweze kukaa, kulala na kujigeuza, asiweze kufika mbele. Mwingine hutulia zaidi ndani ya kizimba cha kusafiria, na kama Doa anapenda kujificha chini ya meza, huenda kizimba kikamfaa kuliko mkanda. Lakini kizimba chenyewe nacho kifungwe kisiteleze, la sivyo umemfungia ndani ya jiwe linalorushwa. Vyovyote utakavyochagua, akizoee kwanza nyumbani, avae mkanda wakati wa kula, alale kizimbani mlango ukiwa wazi, kabla hujachanganya na gari.

Kiti cha mbele si chake. Mfuko wa hewa wa dashibodi hufumuka kwa nguvu kubwa, na umepimwa kwa mwili wa mtu mzima aliyefunga mkanda. Mbwa unaweza kumuua. Na kichwa dirishani, najua watoto wanapenda kumwona masikio yakipepea, lakini vumbi na vijiwe vinaingia machoni, na kioo kikifunguka zaidi anaweza kuruka. Fungua kiasi cha pua kupata hewa.

Habari ya kumwacha garini "dakika mbili tu" nakuomba sana, shoga yangu, isiwepo kabisa. Siku ambayo nje ni nyuzi 24, siku ambayo wewe mwenyewe ungesema hali ya hewa ni nzuri, ndani ya gari lililoegeshwa juani hufika nyuzi 43 hivi kwa nusu saa, na sehemu kubwa ya joto hilo hupanda mwanzoni mwanzoni. Kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii cha maana. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi; hupoza mwili kwa kuhema, na hewa anayoivuta ikiwa ya moto, kuhema hakumfai kitu. Ukimwona anahema kwa kasi isiyo ya kawaida, ufizi umekuwa mwekundu sana, anayumba au anatapika, mtoe kivulini, mmwagie maji ya kawaida, mpepee, na umwahishe kwa daktari hata kama anaonekana amepata nafuu, kwa sababu madhara ya ndani huweza kuchelewa kujitokeza. Kama mahali unapokwenda mbwa haruhusiwi, mwache nyumbani.

Siku yenyewe ya safari, asile mlo mzito kwa muda wa saa tatu au nne kabla ya kuondoka, maji mpe. Mtembeze mpaka achoke kidogo na ajisaidie. Njiani simameni kila baada ya saa mbili hivi. Na hapo kwenye kusimama ndipo mbwa wengi hupotea: mlango unafunguliwa, watoto wanashuka, mbwa anaruka barabarani au anatokomea mahali asipopajua. Mfundishe tangu sasa neno "subiri". Mimi nilifungua mlango kidogo tu. Chui akisogea, naufunga polepole bila kusema kitu. Akikaa, naufungua zaidi. Baada ya wiki mbili mlango ulikuwa unafunguka wote naye amekaa ananitazama usoni, akingoja nimwambie "haya". Lakini hata ajue vipi, kamba mvalishe kwanza ndipo umfungue mkanda. Na kwenye kola yake andika namba yako ya simu ya sasa.

Leo jioni nimempeleka Chui kuoga mtoni. Alipoona nimechukua funguo alitangulia mlangoni, akaingia nyuma, akainua kidevu ili nimfunge mkanda. Njia nzima alilala.

Mkanda wake wa kwanza, wa kabla hajawa mkubwa, ninao bado na haujachakaa. Haujawahi kupata ajali. Chukua uzi umzungushe Doa kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha upime huo uzi kwa rula uniandikie ni sentimita ngapi. Ukimfaa nitakutumia pamoja na kipande cha kamba ya kuunganishia. Wabusu watoto, na Doa mkune nyuma ya masikio kwa niaba yangu.

Ni mimi,
shoga yako akupendaye